Msiba Mbali na Kwao: Mwongozo kwa Makanisa ya Garissa

Muuguzi kutoka Siaya anapofiwa na mumewe mjini Garissa, watu ambao kwa desturi wangemzunguka usiku huohuo hawapo. Mama mkwe yuko Siaya, dada zake wako Kisumu, na kati yake na wao kuna safari ya zaidi ya kilomita 700. Watakaobisha hodi kabla ya alfajiri ni jirani wa bulla, yaani wa mtaa, ambaye mara nyingi ni Mwislamu, na mtu wa kanisa. Kwa usiku huo, hao ndio jamaa alio nao.

Hali hii inayatofautisha makanisa ya Kaskazini Mashariki na ya sehemu nyingine za Kenya. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera Wakristo ni wachache, na wengi wao wameletwa na kazi: walimu, wauguzi, polisi, wanajeshi, wahudumu wa hoteli, mafundi wa mjengo, wavunja mawe wa machimboni, wanafunzi wa chuo. Wanafika na barua ya uhamisho na kuondoka na barua nyingine. Mchungaji wa kijijini huenda kwenye matanga akakuta ukoo umeshapanga kila kitu, kuanzia hema hadi sufuria, na kazi yake ikabaki kuhubiri na kuzika. Garissa, kanisa lisipopanga, mara nyingi hakuna mwingine wa kupanga.

Mwongozo huu ni wa wazee wa kanisa, mashemasi, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa kanisa, na mshirika wa kawaida ambaye simu yake huita usiku kwa sababu watu wanajua ataipokea. Madhehebu yenu yana utaratibu wake. Yanayofuata yanaweza kufanyika katika parokia ya Kikatoliki, katika kanisa la AIC, katika ACK, au katika kanisa dogo la Kipentekoste linalokutana chini ya mabati ya kukodi.

Miaka iliyofundisha kwa uchungu

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa asubuhi moja. Katika kanisa la AIC washambuliaji waliwaua polisi wawili waliokuwa wakilinda, wakarusha maguruneti ndani na kuwapiga risasi waumini waliokuwa wakikimbia. Kanisa kuu la Kikatoliki nalo lilirushiwa guruneti na watu wakajeruhiwa. Waliopoteza maisha hawakupungua 15, na majeruhi walikuwa makumi. Novemba mwaka huohuo guruneti jingine lilirushwa katika kanisa lililo ndani ya makazi ya polisi mjini humo.

Kisha ukaja mwaka 2014 huko Mandera. Tarehe 22 Novemba abiria 28 wa basi lililokuwa likielekea Nairobi walitenganishwa na wenzao na kuuawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku kumi baadaye wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa usiku. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, na miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi walikuwa vijana wa umoja wa wanafunzi Wakristo waliokuwa wameamka mapema kusali.

Yaliyofuata baada ya kila shambulio yanamfaa mtu anayepanga huduma kuliko habari za shambulio lenyewe. Miili ya wanafunzi ilipelekwa Nairobi, katika mochari ya Chiromo, na wazazi kutoka kila pembe ya nchi wakapiga kambi uwanja wa Nyayo wakisubiri kuitwa kutambua watoto wao. Walionusurika walifikishwa hapohapo kwa mabasi, wengine wakiwa na nguo walizokimbia nazo. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwapo na washauri wake. Lakini walionusurika walitawanyika hadi makwao, na wengi wakapelekwa Eldoret kumalizia masomo katika Chuo Kikuu cha Moi. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016. Kanisa ambalo halikuwa na namba ya simu ya mzazi wala jina la kanisa la nyumbani la kijana aliyekuwa akisali nalo kila Jumapili, halikuwa na njia ya kumfuata kijana huyo alikokwenda.

Daftari

Kazi ya kwanza, basi, ni daftari, na ifanyike wakati hakuna msiba. Orodha ya majina ya washirika na zaka zao haitoshi. Kwa kila mtu mzima mnahitaji kujua anakaa bulla gani na ni nani jirani anayemjua, anafanya kazi wapi na mkuu wake ni nani, kwao ni kaunti na kata gani, namba ya simu ya mzazi au ndugu wa kupigiwa kwanza, na kanisa la nyumbani pamoja na jina la mchungaji au katekista wake. Ongezeni kundi la damu kwa anayelijua. Mwulizeni pia swali ambalo watu hulikwepa: likitokea la kutokea, angependa nani asiwe wa kwanza kuambiwa? Mama mwenye ugonjwa wa moyo hapaswi kupata habari ya mwanawe kwa simu akiwa peke yake shambani.

Daftari hilo ni hatari likikaa ovyo. Katika mji ambao watu wameuawa baada ya kuulizwa dini yao, orodha ya Wakristo na mahali wanapolala haiwekwi kwenye simu ya kila kiongozi, wala haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, wala haibandikwi ukutani. Tunzeni nakala mbili tu zilizofungiwa, mahali pawili tofauti, na watu wawili au watatu wenye ufunguo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamtaka yeyote anayekusanya habari za watu azilinde na azitumie kwa shabaha aliyowaeleza. Mshirika akihama, mpeni barua ya utambulisho, pigeni simu kwa kanisa analoenda, kisha futeni habari zake.

Yawezekana uhamisho ukaja kwa wingi. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma ya Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Makanisa yakapoteza kwa mkupuo wahazini, walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa kwaya. Kwa sababu hiyo huduma isishikwe na mtu mmoja hodari. Kila jukumu liwe na mtu wa pili anayejifunza, na ikiwezekana awe mtu wa kazi nyingine, ili barua moja kutoka Nairobi isiwaondoe wote wawili.

Daftari haliwezi kutazama kila mtu kila wiki. Hilo ni la jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, waliweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji, na makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani vya namna hiyo. Garissa jumuiya ifuate bulla na muda wa kazi. Muuguzi wa zamu ya usiku na askari wa doria hawawezi kufika Jumatano saa kumi na moja jioni. Wasipotafutiwa saa yao, watakuwa washirika wa jina tu, na ndio walio karibu zaidi na hatari.

Saa za kwanza

Habari mbaya ipelekwe na watu wawili, kwa miguu yao, wakiwa wamehakikisha kwamba ni kweli. Kama wa kuambiwa wako Machakos au Bungoma, mpigieni mchungaji wa kule aende nyumbani kwao. Hapo ndipo lile jina la kanisa la nyumbani linapolipa. Semeni neno lenyewe waziwazi, "amefariki", kwa sauti ya upole. Kuzungukazunguka na "amezidiwa kidogo" humfanya mtu apande gari kwa matumaini na kuyapoteza njiani kwa kupigiwa simu na mtu mwingine.

Mkishafika, mhudumieni kwa vitu vidogo: maji, chai, shuka, chaji ya simu, mtu wa kuchukua watoto. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walichapisha mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na kiini chake ni kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Angalia kama mahali ni salama na nani ameumia. Sikiliza anayetaka kuzungumza. Muunganishe na ndugu zake, hospitali, polisi, chakula na habari za kweli. Si lazima uwe mwanasaikolojia. Kinachohitajika ni subira.

Kuna kosa ambalo hufanywa kwa nia njema, nalo ni kumkalisha aliyenusurika na kumwambia asimulie yote "ili moyo upoe". Wataalamu wameacha kushauri kikao cha namna hiyo mara tu baada ya tukio, kwa kuwa hakizuii madhara ya baadaye na huweza kuyazidisha. Kosa hilohilo hufanyika kanisani aliyenusurika anapoitwa mbele Jumapili inayofuata kutoa ushuhuda. Msubirini. Siku atakayoomba mwenyewe kusimama, mpeni nafasi, na siku asipoomba msimuulize.

Wahubiri wana jaribu lao pia, la kueleza kwa nini Mungu ameruhusu. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo sehemu ya huduma yao iliyomfaa. Matatizo yalianza walipofungua vinywa. Ibada ya juma la kwanza iwe na zaburi za maombolezo, majina ya marehemu yatajwe, na mahubiri yawe mafupi.

Chagueni pia msemaji mmoja wa kuzungumza na waandishi wa habari. Wengine wote wawe na ruhusa ya kusema, "Muulizeni fulani." Picha za miili na za majeruhi zisipigwe kabisa. Mtoto wa marehemu atakuwa na simu siku moja.

Safari ya jeneza na hesabu ya michango

Mazishi ya Wakristo wengi wa Garissa hufanyika mbali, na safari ndiyo inayokula pesa. Mpaka Nairobi peke yake ni takriban kilomita 370 kupitia Mwingi, na kwa wengi Nairobi ni nusu ya njia. Kamati ya mazishi huundwa jioni ya kwanza. Ipeni mwenyekiti, katibu na mhazini, na mwakilishi wa familia awe ndani yake hata kama ni kwa simu, kwa maana familia ndiyo inayozika na kanisa linaisaidia.

Makaratasi yapewe mtu mmoja mwenye utulivu. Kifo lazima kiandikishwe na kibali cha mazishi kitolewe, hospitalini kama marehemu alifia huko, au kupitia kwa naibu wa chifu kama alifia nyumbani. Cheti cha kifo kitahitajika baadaye kwa benki, kwa pensheni, kwa bima na mahakamani, kwa hiyo kishughulikiwe mapema. Kama kuna uchunguzi wa polisi, mwili hautatolewa mpaka ukamilike, na familia iambiwe hivyo tangu mwanzo, isije ikafikiri kanisa ndilo linalochelewesha.

Michango ipite kwenye namba moja ya kanisa ya Paybill, au akaunti inayotiwa saini na watu watatu. Simu binafsi ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, huzaa maneno. Hesabu isomwe hadharani juma moja baada ya mazishi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na risiti ziwepo. Jambo linalostahili kusisitizwa hapa kuliko mengine ni kilichobaki. Makanisa mengi hutumia kila shilingi kwenye jeneza la bei, maua, hema na basi la pili, na mjane anarudi Garissa akiwa na albamu ya picha na kodi ya miezi miwili. Amueni kabla ya msiba wowote kwamba sehemu ya mchango, theluthi moja kwa mfano, haiguswi kwa mazishi. Itamngoja mjane au mzazi wa marehemu. Watu watanung'unika mara ya kwanza. Mara ya pili watachanga wakijua pesa inaenda wapi.

Matangani Garissa kuna adabu ndogo yenye uzito mkubwa: nyama inunuliwe kwa mchinjaji Mwislamu na ipikwe kwa vyombo safi, ili majirani Waislamu wanaokuja kuhani wale bila wasiwasi. Msiba ukiangukia Ramadhani, watengenezeni chakula cha kufuturu. Na wao wakifiwa, nendeni upesi, maana kwa Waislamu maziko hufanyika mara nyingi siku hiyohiyo, na anayesubiri Jumapili atakuwa amechelewa.

Mwezi wa tatu

Basi la mazishi likisharudi, wengi huona kazi imekwisha. Kwa mfiwa ndiyo inaanza. Kikundi cha watu wawili au watatu kipewe familia moja kwa mwaka mzima, kwa tarehe zilizoandikwa: juma la pili, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi, mwaka wa kwanza. Wanaokwenda wasiende na hotuba. Waende na unga, na muda.

Mwezi wa tatu ndio mgumu kwa sababu karatasi zinaanza kuuma. Nyumba ya askari ni ya kazi, na mjane atatakiwa kuiacha. Mwalimu ana malipo ya kustaafu yanayohitaji fomu. Kama mtu amefia kazini, machimboni au kwenye mjengo, Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawapa wategemezi wake fidia ya mishahara ya miezi 96, na dai halipaswi kucheleweshwa kupita miezi kumi na miwili. Vibarua wengi hawajui haki hiyo, na mwajiri hana haraka ya kuwaambia. Mshirika mmoja anayejua kusoma fomu na kufuatana na mjane hadi ofisi ya kazi ana thamani kubwa kuliko mchango wa Jumapili kumi.

Halafu kuna urithi. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, ambayo imetumika tangu mwaka 1981, hakuna ndugu mwenye ruhusa ya kugusa mali ya marehemu kabla mahakama haijateua msimamizi, na mjane ana haki ya vyombo vya nyumbani na ya kuitumia mali iliyosalia maisha yake yote. Shemeji akija na lori kuchukua kochi na friji, wazee wa kanisa waketi naye, wamheshimu, wamwambie sheria inavyosema. Anapokaidi, mjane asindikizwe kwa chifu, kisha mahakamani. Mchungaji anayeona haya kuingilia "mambo ya familia" amemwacha mshirika wake peke yake wakati alipomhitaji zaidi.

Wagonjwa

Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa hupokea wagonjwa kutoka mbali, na mshirika aliyelazwa huko anaweza kukaa siku kadhaa bila ndugu. Pangeni zamu: mmoja wa asubuhi, mmoja wa jioni, mmoja wa kupika. Ziara iwe ya dakika kumi na tano. Muuguzi akiingia, sala isimame. Ukitaka kumwekea mgonjwa mikono au kumpaka mafuta, muulize kwanza, na umuulize mwenyewe, si mke wake. Hakuna kiongozi anayeruhusiwa kumwambia mtu aache dawa kwa kuwa ameombewa. Likitokea hilo, baraza la kanisa lilikemee kwa jina.

Kwa habari ya magonjwa ya muda mrefu, Kaskazini Mashariki ina mfano wake. Annalena Tonelli, Mkatoliki mlei kutoka Italia, aliishi Kenya tangu 1969 na kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu wa Wajir, karibu wote Wasomali wafugaji. Tatizo lilikuwa kwamba mfugaji huhama na mifugo na kuacha dawa katikati. Basi wagonjwa walikaribishwa kujenga vibanda vyao karibu na kituo na kukaa humo miezi sita mpaka matibabu yaishe, wakimeza dawa mbele ya wahudumu. Watu walipona, na utaratibu huo ukawa kielelezo kwa nchi nyingine. Tonelli aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Kanisa dogo linaweza kufanya sehemu yake ya kazi hiyo: mtu mmoja anayempitia mgonjwa wa kifua kikuu kila siku kwa miezi sita, pamoja na nauli ya kliniki.

Kuhusu gharama, hakikisheni kila kaya imejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Kijana wa mjengo asiye na mshahara maalum hulipa kwa mwaka, na hapo ndipo mfuko wa kanisa unapoweza kuingia. Kumlipia mtu mchango wa mwaka ni rahisi kuliko kuitisha harambee ya bili ya upasuaji.

Mto Tana ukifurika

Dhiki nyingine huja na maji. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilifurisha Tana, barabara ya Nairobi ikakatika, na watu wakavuka kwa mashua. Karibu na Kona Punda mashua moja ilipinduka na watu wakafa maji. Madogo na Mororo, ng'ambo ya daraja, huathirika pamoja na bulla za bondeni mjini Garissa. Kabla ya hapo, ukame ulioanza 2020 ulikuwa umepitisha misimu mitano ya mvua bila mvua ya kutosha.

Kanisa lenye jengo mahali pa juu lijue mapema litalaza watu wangapi, vyoo viko wapi, na ufunguo uko kwa nani usiku. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu watolewe maji yakiwa bado mbali. Msaada ugawiwe kwa orodha ya wenye shida, pamoja na mzee wa bulla, bila kuuliza dini. Wala usiandamane na mahubiri. Familia ya Kiislamu iliyopokea mchele kwenu haipaswi kuhisi imenunuliwa, na mkilikosea hili mtaharibu ujirani wa miaka mingi.

Ujirani huo umeshaokoa watu. Baada ya mashambulio ya Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walikubali vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa ya Garissa. Tarehe 21 Desemba 2015, wavamizi walipolisimamisha basi karibu na El Wak na kutaka abiria wajitenge kwa dini, Waislamu walikataa na kuwaficha wenzao. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Kama kamati yenu ya usalama haina namba ya imamu wa karibu, itafuteni wiki hii.

Dhiki zisizotangazwa

Si kila shida ina jeneza. Mwalimu kijana aliyeacha mke Kakamega anaweza kukaa miezi bila mtu wa kula naye chakula cha jioni. Pombe hunywewa kwa siri katika mji usioiruhusu hadharani. Askari aliyemzika mwenzake haongei, anakasirika ovyo, halali. Ukimwona mtu anagawa vitu vyake au anasema afadhali asingekuwapo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, na linaweza kumfungulia mdomo. Usimwache peke yake, na msindikize hospitali. Watu walizoea kuficha jaribio la kujiua wakihofia kushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa kinapingana na katiba.

Andikeni namba hizi nyuma ya kila ratiba ya ibada: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 1195 kwa anayepigwa au kudhulumiwa kijinsia, 116 kwa habari za mtoto. Siri iliyoletwa kwa mzee wa kanisa ibaki kwake, isigeuzwe kuwa ombi la maombi kwenye kikundi. Ila panapokuwa na mtoto anayeumizwa au mtu aliye katika hatari ya kufa, siri ya kukaa kimya haipo, na mtoa siri aambiwe hivyo tangu mwanzo.

Wa mwisho kuhudumiwa huwa mchungaji. Yeye ndiye aliyetambua miili, akapokea simu saa nane za usiku, akahubiri mazishi matatu kwa mwezi mmoja, na familia yake huenda iko mbali kama ya mshirika yeyote. Mpeni likizo yenye tarehe, nauli ya kwenda kwao, na mtu wa nje ya kanisa wa kuzungumza naye, mchungaji mwenzake au mshauri aliyefunzwa. Vivyo hivyo kwa akina mama wawili ambao kila mara ndio wanaolala na wafiwa. Wazee wa kanisa, katika kikao chenu kijacho pangeni likizo hizo kabla ya kugusa ajenda nyingine.